Sitaha ya Wote

Kosa langu ni neno moja, na wala si tusi. Nilisema karibu. Mtu alipiga hodi mlangoni, mimi nimekaa kitini na kikombe changu cha chai, akili iko mbali, na ulimi ukanitangulia kama ulivyozoea kunitangulia tangu utotoni. Kwetu mtoto hufundishwa kuitikia hodi kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Hatuulizi ni nani wala anataka nini. Kwanza karibu, mengine yatafuata. Basi nikasema karibu, mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mrefu aliyevaa kofia ya ukili, na kabla sijakiweka kikombe chini nilikuwa nje.

"Samahani, mama," alisema akiwa kizingitini, na kizingiti sasa kilikuwa chake. "Miguu imechoka. Nimeambiwa watu wa kwenu hawawezi kujizuia."

Kisha akafunga mlango, polepole, kwa adabu. Hilo la adabu ndilo lililoniudhi zaidi.

Nimejiuliza mara nyingi nilitokaje. Sikusukumwa, sikuinuka. Kiti kilikuwepo chini yangu, kisha hakikuwepo, na kikombe kikabaki mkononi kikiwa kikavu, kana kwamba hakijawahi kutiwa chai. Je, aliyekuwa amekaa pale kabla ya hodi ni mimi? Kama ni mimi, imekuwaje neno moja linitoe? Na kama si mimi, basi ni nani aliyesema karibu? Watu wenye akili nyingi wataniambia maswali haya hayana maana. Waje wasimame hapa nje kwanza, halafu waniambie.

Lazima nieleze meli, ingawa siielewi. Haina jina. Ubavuni, mahali ambapo meli nyingine huandikwa jina, hii imepakwa rangi mpya, na rangi hiyo haikauki. Ukimuuliza mtu tulipanda bandari gani, atakutajia bandari, mwenzake atakutajia nyingine, na wote wawili watakula kiapo. Saa zote za melini zinaonyesha saa kumi alasiri. Mwanzoni nilidhani zimeharibika, lakini jua nalo liko pale pale, na kivuli changu hakijarefuka hata kidogo tangu nianze kukiangalia. Sijui tumekaa humu siku moja au miaka ishirini. Nywele za mume wangu zilikuwa nyeusi tulipopanda, au labda zilikuwa zimeshakuwa nyeupe na mimi ndiye niliyeziona nyeusi.

Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu, kwenye safu ya vyumba ambavyo milango yake inafungukia sitahani moja kwa moja. Hakuna ukumbi wala baraza kati yako na watu. Kuna mlango wa kioo, kisha sitaha ya mbao, kisha ukingo wa chuma, kisha maji. Na juu ya mbao hizo wanapita watu wasio na vyumba, mchana kutwa, yaani daima, wakiizunguka meli kutoka omo hadi tezi na kurudi kwa ubavu wa pili, wote wakielekea upande mmoja. Milango ile imetengenezwa kwa hila. Aliye ndani anaona kila kitu. Aliye nje anajiona mwenyewe tu.

Sitaficha kwamba tulifurahia. Mimi na mume wangu, Mshamu, tulikuwa tunasogeza viti mpaka magoti yanagusa kioo, tunawatazama. Wanaume wazima walisimama mbele yetu wakichokonoa meno. Kuna mzee aliyekuja kila mzunguko kujifunza kutabasamu, na kila mara alikata tamaa akaondoka amenuna. Kuna binti aliyemgombeza mtu asiyekuwepo, akakosea, akaanza upya, safari hii kwa ukali zaidi. Mshamu alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, kwa hiyo yeye aliwasoma kwa mishono: huyu koti si lake, yule suruali yake imepindwa na mtu anayempenda. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Haikunijia hata mara moja kwamba mtu anayetazamwa bila kujua amenyang'anywa kitu. Nilidhani kutazama ni kutazama tu. Nilipotolewa, Mshamu alikuwa bafuni, maji yanamwagika, hakusikia lolote.

Nilisimama mbele ya mlango nikijiona: mwanamke mnene mwenye kikombe kitupu, mdomo wazi. Nilijua nyuma ya mdomo wangu kuna kitanda changu, kuna miwani yangu juu ya meza, kuna mwanamke mwingine ananyoosha miguu. Nikaugonga kwa ngumi. Hakuna aliyejali, kwa sababu sheria ya sitahani ni kwamba mtu anaruhusiwa kusimama iwapo anajitazama, na kwa macho ya wapitaji nilikuwa najitazama.

Ndipo akaja Kaingu, mhudumu wa safu yetu, na mzigo wake wa taulo.

"Kaingu, kuna mtu chumbani kwangu!"

"Amevunja mlango, mama?"

"Amepiga hodi."

"Na wewe ukasemaje?"

Nilitazama kikombe kitupu mkononi mwangu. Akahamishia taulo mkono wa pili, akashusha pumzi kama mtu aliyechoka kueleza jambo lile lile.

"Basi hapo hakuna kesi. Anayekaribishwa hukaa, anayekaribisha hutoka. Chumba chenu ni cha watu wangapi?"

"Wawili."

"Na humo ndani wako wangapi?"

"Wawili, lakini mmoja si mimi!"

"Hilo meli haiulizi, mama."

"Nani ametunga sheria hii?"

"Nimeikuta."

"Na waliokutangulia?"

"Nao waliikuta. Mama, usinitafutie makosa. Mimi ni mtu wa taulo tu."

Nilimshika mkono wa shati lake jeupe, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mwanaume nisiye na udugu naye. Nikamuuliza nitarudije. Alisema kwa hodi hiyo hiyo: nipige, aitikie aliye ndani, niingie mimi atoke yeye. Nikamwambia yule mwanamke hataitikia, anajua anachokifanya.

"Hayumo peke yake," alisema Kaingu, akageuka kutazama maji.

Nilielewa papo hapo, na nikatamani nisingeelewa. Mshamu huitikia hodi hata akiwa usingizini. Aliwahi kumwitikia paka aliyekuwa anakwaruza mlango, akamwambia karibu mwenzangu, kiti hicho. Nikipiga hodi, mdomo wake utasema karibu kabla ya kichwa chake kujua, na nitaingia mimi, na atatoka yeye, kwa umri ule, kwa magoti yale, kwenye sitaha isiyoruhusu mtu kukaa. Nitakuwa nimerudi chumbani, nimekalia kiti changu, ninamtazama mume wangu akipita nje kila mzunguko bila yeye kuniona. Hiyo ndiyo njia ya kurudi. Nyingine sikuambiwa.

"Jambo moja, mama," alisema Kaingu akianza kuondoka. "Usizunguke sana. Sitaha hupunguza."

"Hupunguza nini?"

"Wangekuwa wanakumbuka, wangesema."

Spika ikalia juu yetu: *Sitaha ni ya wote. Tafadhali msisimame.* Umati ukanichukua.

Tembea. Mbao, mbao, mbao iliyopasuka, mbao. Mashua ya kuokolea, turubai lake limefungwa kwa kamba mpya. Mlango wa kioo, mimi. Mlango wa kioo, mimi. Mbele yangu mgongo wa mtu, na mbele ya mgongo huo mgongo mwingine. Nilijaribu kuuliza tunakwenda wapi, mwanaume mmoja akanijibu kwa hasira, "Tunatembea!" kana kwamba nimemuuliza rangi ya maji.

Kitu cha wote ni cha nani? Nililitafuna swali hilo kwa mizunguko sijui mingapi. Chumba ni cha mtu, kwa hiyo anaweza kukaa, kulala, kukasirika, kutupa soksi chini. Sitaha ni ya wote, na kwa kuwa ni ya wote hakuna mmoja wetu aliyeruhusiwa kuweka hata kitako. Tumepewa kila kitu isipokuwa mahali. Na wale walio nyuma ya vioo, je, wao wamepewa? Nilikuwa mmoja wao, na mahali pale palinitoka kwa neno la adabu. Labda hata wao wanatembea, ila kwa kukaa. Hapana, huo ni upuuzi. Nilipokuwa nimekaa nilikuwa nimekaa. Miguu yangu inajua tofauti.

Na sasa kuna jambo ambalo sijui nilielezeje. Mzunguko wa kwanza, kila kioo kilinionyesha mimi. Baadaye kikanionyesha mwanamke anayefanana nami, kama dada wa baba mmoja. Baadaye, mwanamke ambaye ningemsalimia njiani kwa heshima na kupita. Sikuweza kusema ni nini kilichobadilika. Pua ipo, macho yapo. Nilijaribu kukumbuka nyumba niliyozaliwa, nikapata mlango wake tu. Nilijaribu kukumbuka sauti ya mama yangu, nikapata kwamba alikuwa na sauti. Nilimwona yule mzee wa tabasamu akisimama mbele ya kioo akajaribu, na kwa mara ya kwanza sikucheka, kwa sababu nilielewa kwamba hajifunzi. Alikuwa anaitafuta ya kwake.

Niliogopa. Naandika hivyo waziwazi. Sikuogopa kufa, maana melini humu sijaona mtu anakufa. Niliogopa kwamba Mshamu ametoka bafuni akamkuta mwanamke kwenye kiti changu, ndani ya kanga yangu, na amekaa, na amemzoea. Niliogopa kwamba nikichelewa zaidi hatakuwa amekosea.

Ila mlango wetu ni upi? Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Namba za vyumba zimeandikwa upande wa ndani. Kwa nje milango yote ni mmoja, na kila mmoja unakuonyesha wewe tu. Nilifunga kipande cha upindo wa mtandio wangu kwenye kitasa nilichodhani ni chetu, nikazunguka, nikakuta vitasa vyote vimefungwa vipande vya nguo, vingine vimepauka mpaka havina rangi. Si mimi wa kwanza kuwa na akili hiyo. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, kicheko kibaya, mpaka mtu akanisukuma.

Nilimpata Mshamu kwa kikohozi. Anakohoa mara mbili, anasafisha koo, halafu anasema "aa" kama mtu aliyekumbushwa jambo. Chini ya kila mlango kuna matundu ya hewa, na kikohozi hicho kikatoka humo, kikanishika miguu. Nikapiga magoti. Wapitaji wakanizunguka wakilalamika. Nikaweka sikio.

"Mke wangu," Mshamu alikuwa akisema ndani, "yule mwenye shati la kijani lazima alikuwa mwalimu."

"Ndiyo, mwalimu," ilijibu sauti ya yule mwanamke.

"Au labda askari. Tazama mabega."

"Ndiyo, askari yule."

"Kwani haiwezekani akawa mchungaji?"

"Inawezekana kabisa."

Sikuweza kungoja. Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Mshamu!"

Kiti kikalia. "Nani?"

"Mimi!"

"Mimi nani?"

Ni swali ambalo kila mtu wa kwetu ameulizwa mlangoni mara elfu, akalijibu bila kufikiri, mguu mmoja umeshaingia ndani. Unataja jina, basi. Nikafungua mdomo nilitaje, na jina halikuwepo. Halikuwa kwenye ncha ya ulimi, ambako vitu vilivyosahauliwa hukaa. Palikuwa na pengo safi, kama pale kwenye ubavu wa meli. Nilijua nina mume, nilijua ni fundi, nilijua anakunywa maji kabla ya chai, nilijua kovu la mkasi kwenye dole gumba lake. Aliyekuwa anayajua yote hayo sikuweza kumtaja. Mimi. Mimi nani? Mimi ninayejua. Hilo si jina, hilo ni kilio.

"Mkeo," nilisema mwishoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke yeyote.

"Mkeo niko hapa," alisema yule wa ndani, kwa upole uleule. "Ni wapitaji hao, mume wangu. Jua limewakaa kichwani."

Nikasikia nyayo za Mshamu, kutoka kwenye kioo kwenda kitandani, kutoka kitandani kuja kwenye kioo. Alikuwa amesimama juu yangu kabisa. Kama anatazama nje alikuwa anauona utosi wa mwanamke aliyepiga magoti, na labda alikuwa anamsoma mishono.

Nikasimama. Ngumi ilikuwa imeshafika kwenye mlango, vifundo vya vidole vinagusa. Neno lilikuwa mdomoni, silabi mbili tu. Ningelisema, naye angejibu, na jina langu lingenirudia ndani ya chumba, pamoja na miwani na sauti ya mama. Niwe mkweli: nilitaka. Nilitaka kiti. Nilijiambia Mshamu ni mwanaume, atastahimili, nitamtafutia njia baadaye, nitaongea na Kaingu, nitaongea na nahodha kama yupo. Tayari nilikuwa namwona akipita nje, na nilikuwa namhurumia, na huruma hiyo ilikuwa tamu, huruma ya mtu aliyekaa. Ndipo nikajichukia. Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikauma nyama ya kidole mpaka machozi yakatoka, nikageuka nikatazama maji. Acha nipungue. Mtu akipungua mpaka akaisha, angalau hajamtoa mwenzake.

Nyuma yangu mlango ukafunguka.

Sikuwa nimepiga hodi. Sikuwa nimetamka hata herufi. Mshamu alitoka mwenyewe, mguu wa kwanza, mguu wa pili, akishika fremu kwa sababu ya magoti, na mlango ukajifunga nyuma yake. Alipepesa macho juani. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe.

"Umefanya nini?" nilimwambia. "Hutaweza kurudi ndani!"

"Najua," alisema. Akanitazama kama unavyomtazama mtu wa kumuuliza njia. "Samahani, mama. Umemwona mke wangu?"

Mtu mmoja akanipiga kikumbo, akapita.

"Amevaaje?" niliuliza, kwa sababu ilinibidi niseme kitu.

"Mavazi siwezi kukwambia, nimetoka bafuni nikakuta hayupo. Ila bega lake la kushoto limeshuka kidogo. Nimemshonea magauni miaka thelathini, na kila gauni natia pamba kwenye bega hilo, nyembamba, asione. Hajui mpaka leo."

Niligeukia kioo. Bega moja la yule mwanamke lilikuwa chini kuliko lingine, lakini kwenye kioo kulia ni kushoto na kushoto ni kulia, na sikujua tena ni lipi la nani.

"Yumo mtu ndani," nilisema. "Nimemsikia. Anasema ndiye mkeo."

"Anasema." Mshamu alitikisa kichwa. "Ana kanga ya mke wangu, anakaa kama mke wangu, hata chai anaishika vile. Lakini anakubali kila kitu, mama. Nimesema mwalimu, kakubali. Nimesema askari, kakubali. Miaka thelathini mke wangu hajanikubalia jambo hata moja. Leo nimeambiwa ndiyo mara tatu mfululizo, nikaingiwa na hofu."

"Anaitwa nani?"

"Mashavu."

Aliitamka kama anavyoitamka, akivuta kidogo mwishoni. Nililisikia jina likipita karibu nami na nikatamani kulidaka niseme ni langu. Lakini nilikuwa nimeshasema mkeo mara moja, nikaambiwa ni jua. Na je, lilikuwa langu? Mwanamke aliyekuwa na jina hilo alikuwa na nyumba ya utotoni na sauti ya mama. Mimi nilikuwa na mbao na migongo ya watu.

"Basi twende," nilisema. "Nitakusaidia kumtafuta."

Alifurahi, maskini. Akageuka kuwafuata watu.

"Siyo huko," nilimwambia.

"Wote wanakwenda huku."

"Ndiyo maana. Na yeye anazunguka. Ukiwafuata utabaki nyuma yake siku zote. Twende kinyume, tumkute uso kwa uso."

"Kinyume hairuhusiwi."

"Imekatazwa na nani?"

"Sijui, lakini tutagongana na watu."

"Watapisha."

"Hawawezi kupisha, mama, hebu watazame walivyo wengi."

"Watapisha, nimekwambia! Na wewe viatu umevaa cha kulia kushoto, unataka kunifundisha njia."

Akatazama miguu yake. Ilikuwa kweli, alikuwa ametoka kwa haraka. Hakuvibadilisha. Alisimama akiviangalia kwa muda mrefu, watu wakitupita kwa pande zote mbili na kunung'unika, na spika ikituambia sitaha ni ya wote, tusisimame.

"Unasema hawapishi?" nilimuuliza.

"Hawapishi," alisema, lakini hakuwa ananisikiliza tena. Alikuwa ameshaweka mkono juu ya bega langu la kushoto, vidole nyuma na dole gumba mbele, kama fundi anayepima.